Flashi, betri na harusi ya Nkwenda

Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia kahawa, lakini kahawa itasubiri. Ninalo deni ambalo ni lazima nililipe hadharani, kwa kuwa nililikopa hadharani.

Nina mpwa wangu ambaye ni mpiga picha pale Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Kazi yake kubwa ni harusi. Wenyeji wanafahamu kwamba harusi nyingi za huko hufungwa baada ya mavuno ya kahawa, fedha zinapokuwa zimeingia nyumbani, na katika miezi hiyo kijana huyu halali. Leo yuko Bugene, kesho Nyaishozi, keshokutwa amevuka kwenda Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Basi siku moja aliniuliza anunue kitu gani ili asitegemee jenereta za watu. Mimi, kwa kuwa husema redioni, nikajiona ninajua. Nikamwambia anunue kisanduku cha betri ya lithiamu chenye soketi, kile kilichoandikwa ubavuni 30,000. Namba ilikuwa kubwa, nikaridhika nayo. Tena nikaurudia ushauri huo katika kipindi hiki hiki, na baadhi yenu mlinipigia simu kunishukuru.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Nkwenda, ambako nami nilikuwa mwalikwa. Turubai lilikuwa limefungwa kandokando ya migomba na giza limekwisha kuingia. Jenereta moja ililisha muziki, taa za turubai na flashi mbili kubwa za kijana wangu. Kila flashi zilipovuta umeme ili zijae, taa zilififia na spika zikakohoa, na mshereheshaji akawa anamtupia kijana jicho baya. Ilipofika saa tatu kasorobo jenereta ikazima. Petroli imekwisha, aliyetumwa kuifuata hajarudi. Watu wakawasha tochi za simu. Kijana akatabasamu, akachomeka flashi moja kwenye kisanduku chake, na picha zikaendelea kama kawaida. Nakiri kwamba nilijivuna kidogo mbele ya mashemeji.

Dakika kama 35 baadaye, picha zenyewe hazijazidi 40, bibi mzaa baba wa bwana harusi akashikwa mkono na wajukuu kuletwa mbele ili awabariki maharusi. Kisanduku kikalia mara moja, kikanyamaza.

"Mjomba, imekufa," kijana aliniambia kwa sauti ya chini.

Familia ilikataa kumaliza malipo, wala sikuilaumu. Bibi yule kwa kawaida hatoki nyumbani kwake, na siku ile alikuwa ametoka.

Tulipokuwa tunarudi kila mtu garini alisema betri ilikuwa ya bandia. Betri za bandia zipo, tena nyingi, na nitazigusia. Lakini kesho yake tulikaa na karatasi na kalamu, tukapiga hesabu, na hesabu ikaelekeza kidole pengine kabisa.

Flashi haiwaki kama balbu. Ndani yake kuna kapasita, yaani kifaa kinachokusanya umeme kidogo kidogo, mfano wa pipa linalojazwa kwa kikombe. Ukibonyeza kamera, pipa lote humwagwa mara moja ndani ya kibomba cha kioo chenye gesi ya zenoni, na huo ndio mwako tunaouona. Njia hii iliendelezwa sana na Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, kuanzia miaka ya 1930. (Hapo nitoe onyo: pipa hilo hushika volti 300 na zaidi hata baada ya flashi kuzimwa, kwa hiyo fundi wa redio asiyeijua asiifungue.) Nguvu ya kila mwako hupimwa kwa jouli. Wauzaji huandika Ws, yaani wati-sekunde, nacho ni kitu kile kile. Flashi ya mpwa wangu ni ya jouli 400.

Betri nayo hupimwa kwa wati-saa, na wati-saa moja ni jouli 3,600. Kwa hiyo mwako mmoja wa jouli 400 unahitaji sehemu ya wati-saa tu, kama 0.11. Ukiongeza umeme unaopotea njiani kwa joto, tuseme 0.16. Miako 40 haifiki hata wati-saa saba.

Je, kisanduku chetu kilikuwa na wati-saa ngapi? Hapa ndipo ile 30,000 iliponipumbaza. Namba hiyo ni ya miliampea-saa, na haisemi chochote mpaka uizidishe kwa volti. Wauzaji wengi huihesabu kwa volti 3.7, ambazo ni za seli moja ya lithiamu. Ampea-saa 30 mara volti 3.7 ni wati-saa 111. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50, ambayo ukiiona namba yake utaidharau kwa kuwa imeandikwa 50 tu, ina wati-saa 600. Ndiyo maana nasema atakayekutajia miliampea-saa pekee, mwulize wati-saa. Akishindwa kujibu, tafuta volti kwenye lebo uzidishe mwenyewe.

Hata hivyo, wati-saa 111 si haba. Inveta, yaani kile kifaa ndani ya kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hula sehemu yake; tubakize 94. Zingetosha miako zaidi ya 500. Zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye balbu. Flashi za studio za aina ile zina taa ya kuongozea, balbu inayowaka muda wote ili mpiga picha aone kivuli kitaangukia wapi. Ya kijana wangu ni ya wati 150. Iwake dakika 35, itakula wati-saa 87 na ushei. Jumlisha na zile saba za miako, unapata 94. Kisanduku kilitupa kila kilichoahidi, senti kwa senti. Sisi ndio tuliokaa tunaangaza turubai kwa balbu huku tukidhani tunapiga picha. Muuzaji hakuwa na kosa, na nilikuwa nimekwisha kumtukana moyoni.

Kwa hiyo neno la kwanza kwa mwenye flashi za studio: ukiwa kwenye betri, zima taa ya kuongozea, au badili uweke ya LED. Halipunguzi ubora wa picha hata kidogo.

Neno la pili ni kuhusu kununua. Kama unaanza leo, nisingekushauri tena kisanduku chenye soketi. Unachukua umeme wa betri, unaugeuza uwe wa ukutani, kisha flashi inaugeuza tena, na kila mgeuzo una ushuru wake. Siku hizi zipo flashi zilizojengewa betri ya lithiamu ubavuni. Chukua mfano wa Godox AD400 Pro, ambayo ni ya jouli 400 kama ile ya mpwa wangu. Betri yake ni volti 21.6 na ampea-saa 2.6, yaani wati-saa 56, na mtengenezaji anadai miako 390 kwa nguvu kamili. Pigeni hesabu mwone: jouli zilizomo zingetoa miako 505 kama hakuna kinachopotea, kwa hiyo 390 ni dai la mtu mkweli. Hiyo ndiyo njia ya kupima lebo yoyote. Dai likizidi jouli zilizomo kwenye betri, rudisha mzigo dukani.

Tena ni nani anayehitaji nguvu kamili usiku chini ya turubai? Kamera za leo zinaona vizuri gizani. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400, robo ya nguvu inakutosha, na zile 390 zinakuwa zaidi ya 1,500. Harusi nzima, pamoja na kukata keki mara mbili kwa sababu shangazi amechelewa.

Kisanduku bado kina nafasi yake kwa mtu mwenye flashi za zamani ambazo hawezi kuzitupa. Lakini ahakikishe inveta ni ya wimbi safi, si ile ya wimbi la ngazi ambayo hufanya flashi zivume na hata kuziunguza, na kwamba inastahimili mvuto mkubwa wa ghafla, maana flashi inapojaza hunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Na achague lithiamu ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4. Ni nzito kidogo, lakini huchajiwa maelfu ya mara na si nyepesi kushika moto. Lithiamu ya kawaida, ile iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 na kuwapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobel mwaka 2019, ni nyepesi zaidi na ndiyo hutumika ndani ya flashi. Ikivimba, usiichaji tena hata mara moja.

Wapo watakaosema betri ya gari ni rahisi. Ni kweli, na kwa studio ya pale Kayanga umeme unapokatika sina ugomvi nayo. Lakini ina zaidi ya kilo kumi, haipendi kushushwa chini ya nusu, na ina tindikali. Mpakie mtu huyo kwenye bodaboda kutoka Isingiro kwenda Murongo mpakani, halafu mwangalie suruali akifika.

Na zile za bandia? Seli za duara zinazoitwa 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, nzuri kabisa hazifiki miliampea-saa 5,000. Ukikuta imeandikwa 9,900, umekuta uongo. Zilizo halali zina uzito wa gramu 45 hivi. Za uongo mara nyingi ni nyepesi. Mizani ya muuza dhahabu inatosha.

Jambo jingine kwa wanaosafiri kwa ndege kutoka Bukoba kwenda kufanya kazi Dar es Salaam au Mwanza: betri za akiba hubebwa mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Hadi wati-saa 100 hakuna tatizo, kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo hazipandi. Kisanduku chetu cha 111 kingetuletea maneno.

Mnamo mwaka 1860 Mskochi James Grant alipiga picha kwa kamera kisiwani Unguja kabla ya kuanza safari ya bara pamoja na Speke. Alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, ambako aliugua mguu kwa miezi kadhaa, alichotuachia ni michoro ya mkono. Kamera ilikuwa imekwisha kumshinda. Kwa hiyo mpwa wangu ajue si wa kwanza kukwama na vyombo katika milima ile.

Wiki mbili baada ya harusi tulikwenda kwa bibi, mimi na yeye. Tulimkuta anaanika maharagwe. Alikaa mlangoni kwenye mwanga wa asubuhi, flashi haikutolewa hata mkobani, naye akauliza kwa nini siku ile tulimzimia taa. Familia ililipa nusu ya fedha zilizobaki, na nusu nyingine nimelipa mimi. Jumamosi hii kijana ana kazi Kaisho. Ana flashi mpya na betri mbili, zote amezichaji tangu Alhamisi. Kile kisanduku kimebaki nyumbani, mkewe anachajia simu.