Kisu cha Mfukoni Matambarale: Kipi Kinalipa?

Kabla ya kutaja bei, taja kazi. Matambarale, wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, na vijiji vya upande wa Nachingwea, kisu hufuata kalenda ya shamba. Ufuta ukikomaa, kamba za kufungia matita hukatwa kutwa nzima. Mikorosho ikianza kutoa maua, ni zamu ya kupasua mifuko ya salfa ya kuzuia ubwiriunga. Kuanzia Oktoba ni magunia na uzi wa kushonea, mzigo ukisubiri mnada wa ushirika wa RUNALI. Humo katikati mna muhogo wa kumenya, embe la kukata, kuku wa mgeni na mche wa mkorosho wa kubebesha. Mwenye kazi zote hizo akinunua kisu kwa kutazama bei peke yake, atarudi dukani mapema.

Kazi moja niiondoe tangu sasa. Watu wa mbali hudhani kisu ndicho cha kutenganisha korosho na bibo. Wanaoijua shughuli husokota kwa mkono au hukata kwa uzi, maana makali yakiteleza huchubua ganda, na korosho iliyochubuliwa haikai vizuri ghalani. Kwa hiyo usishawishiwe na muuzaji anayekuonyesha kisu akisema ni cha korosho.

Machaguo yetu hasa ni manne: kisu cha mhunzi chenye ala, kisu cha kukunja cha bei poa kinachotembezwa na machinga, kisu cha kukunja cha chuma cha kaboni kama Okapi au Opinel, na kile cha Uswisi chenye vifaa vingi ndani ya mpini mmoja. Wembe nao upo, na nitaueleza kwa sababu kwenye kubebesha miche hauna mpinzani.

Nianze na cha mhunzi, kwa sababu ndicho ninachokipenda na ndicho kinachodharauliwa. Kisu kizuri cha mhunzi wa kwetu hutokana na springi ya gari. Springi ni chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali, na ndiyo maana fundi makini huigombania. Akishaifua na kuipa umbo, huipasha mpaka iive nyekundu, kisha huizamisha kwenye maji au mafuta. Hapo imekuwa ngumu lakini inavunjika upesi kama kigae, kwa hiyo hurudishwa motoni kidogo. Fundi husugua ubavu mmoja ung'ae, halafu huitazama rangi ikitembea juu ya chuma. Ikifika manjano ya nyasi kavu, anaitoa. Akichelewa ikageuka buluu, kisu kimelainika kupita kiasi na hakitadumu na makali. Ukibahatika kumkuta kazini, simama utazame hatua hiyo. Utajua kwa nini visu viwili vilivyotoka kwenye springi moja vinaweza kutofautiana sana.

Tatizo ni kwamba nondo na bati nene navyo hufuliwa vikafanana na springi, na kwa macho huwezi kujua. Nenda na tupa ndogo. Omba ruhusa, kisha ipitishe karibu na mpini, mahali pasipo na makali. Ikiteleza au ikila kwa taabu, chuma kimekomaa. Ikila laini na kuacha unga mwingi, unauziwa nondo. Fundi mwaminifu hachukizwi na jaribio hili. Nimeona wengine wakikupa tupa yao wenyewe.

Baada ya chuma, kagua mpini. Kuna mipini ambayo mkia wa kisu umepashwa moto ukachomekwa ndani ya mti, na kuna ile ambayo vipande viwili vimeshikwa kwa ribiti. Ya kwanza ni rahisi, lakini mti ukikauka hulegea na kisu huanza kuzunguka mkononi. Ya ribiti, ikiwa mkia umefika mwisho wa mpini, ongeza hela uichukue. Kuhusu mti, misitu yetu ya miombo ina mpingo, na mpini wa mpingo ni mzito, mgumu, na haunywi maji. Ila mpingo huvunwa kwa kibali. Muulize fundi kipande kimetoka wapi, na kama ni masalia ya mafundi vinyago, ni jambo jema.

Kasoro kubwa ya kisu cha mhunzi ni kwamba hakikunjiki. Bila ala hakifai kukaa mfukoni wala kiunoni, na wahunzi wengi huuza kisu kitupu. Ala ya ngozi utaishona kwa fundi viatu. Nayo ni gharama, iingize kwenye hesabu yako.

Upande wa pili kuna visu vya kukunja vya machinga, vinavyong'aa, vyenye rangi na klipu ya mkandani. Hapa ubovu hauko kwenye makali peke yake, uko kwenye kiungo. Kisu cha kukunja ni kisu kilichokwisha kuvunjwa katikati, kikaunganishwa kwa pini moja. Pini ikilegea, bapa hucheza, na kikaza cha kuzuia lisijifunge hukosa kushika sawasawa. Siku unayobana ncha kwenye gunia, bapa hurudi juu ya vidole. Hilo si la kubahatisha. Dukani, kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mwingine, uchezeshe kulia na kushoto. Kisha weka vidole nje ya njia ya makali, ugonge mgongo wa bapa kwenye kaunta mara mbili tatu. Kikijifunga, kirudishe, hata kama ni cha shilingi elfu mbili.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano, wewe weka zile utakazoambiwa sokoni kwako. Tuseme kisu cha machinga ni shilingi 4,000, na kiungo chake kinalegea baada ya miezi minne ya kazi za shamba. Kwa mwaka utakuwa umenunua vitatu, shilingi 12,000. Tuseme cha mhunzi ni 8,000, ala 4,000, na jiwe la kunolea la pande mbili 5,000. Jumla ni 17,000. Vikikudumu miaka mitano, kila mwaka umekugharimu 3,400. Opinel ya bapa la sentimita 8.5, ile wanayoiita namba 8, Ulaya huuzwa kwa yuro kati ya 10 na 15. Ukiichukulia yuro 12 na kuipigia yuro moja shilingi 2,900, unapata 34,800, kabla ya usafiri na ushuru. Ikidumu miaka kumi, ni chini ya 3,500 kwa mwaka, na bado hujanunua jiwe.

Hesabu hiyo ina tundu moja, na wauzaji wa visu vya gharama hawalitaji. Kisu kizuri mara nyingi hakifi kwa kuchakaa. Hupotea. Huanguka chini ya mkorosho, husahauliwa juu ya gunia, au huazimwa na jirani kisirudi. Opinel ya 34,800 ikipotea mwaka wa pili, imekula 17,400 kila mwaka. Cha mhunzi cha 8,000 kikipotea utasikitika, lakini jiwe lako liko nyumbani na mhunzi yupo. Ndiyo maana kwa kazi za shamba nashauri kisu ambacho kupotea kwake hakutakutikisa mfuko.

Kwa mtu wa mjini, au mwalimu, au dereva wa bodaboda anayetaka kitu chepesi cha kukata kamba na kumenya chungwa, kisu cha kukunja cha kaboni kina nafasi yake. Okapi ndiyo yenye historia inayotugusa. Ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na wakati huo Lindi yetu ilikuwa chini yao. Jina ni la mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1901. Tangu 1988 visu hivi hutengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mti, umepambwa kwa nyota na miezi ya chuma, na mgongoni una pete. Ukifungua, kikaza hulia hatua kwa hatua, na ukitaka kufunga, unaivuta pete. Ni kisu imara na rahisi kunoa. Lakini kimebeba sifa mbaya: Afrika Kusini kimejulikana kama silaha ya wahuni wa mitaani, na mlio wake unatosha kuwatia watu hofu. Ndani ya basi la kwenda Masasi, abiria wa kiti cha pembeni hatajua kama unataka kumenya embe. Mimi nauhesabu mlio huo kama gharama.

Opinel haina mlio. Joseph Opinel aliianza Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na kola ya kuzungusha ili bapa lisijifunge iliongezwa mwaka 1955. Bapa lake ni jembamba na hukata nyanya bila kuiponda. Udhaifu wake ni mti: mpini wa kawaida ukilowa hufura, bapa likabanwa, na masika ya kwetu hayana huruma. Kisu cha Uswisi cha Victorinox hakina shida ya kutu, kinafungua kopo na chupa, lakini bapa lake la kawaida halina kikaza na bei yake ni kubwa kuliko vyote nilivyotaja. Kama hutumii bisibisi na mkasi wake kila wiki, unalipia vitu vinavyolala.

Wembe, kwa kubebesha, una makali ambayo kisu cha kukunja kitayapata kwa kunolewa muda mrefu mno. Kikonyo na shina vinatakiwa kukutana bila mwanya, na mkato uliochanika hukausha kikonyo. Tumia wembe mpya, uweke kwenye kishikio, na ukimaliza usiutupe ovyo shambani ambako watoto hupita pekupeku.

Kuchinja kuku ni kazi ya kisu kisichokunjwa. Makali ya cha kukunja yanaweza kutosha, lakini damu huingia kwenye kiungo, hukauka humo, na hakuna uoshaji wa kawaida utakaoitoa yote. Kisu kilichopasua mfuko wa salfa nacho kioshwe kwa sabuni kabla hakijagusa muhogo.

Chuma cha kaboni hushika kutu, na maji ya bibo huligeuza bapa kuwa jeusi siku hiyohiyo. Weusi huo hauna madhara, acha ukae. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa. Futa kisu kila ukimaliza, kipake tone la mafuta ya kupikia, basi. Kwa kiungo cha kisu cha kukunja mafuta yana kasoro wakati wa kiangazi, kwa sababu hukamata vumbi na kugeuka tope. Hapo tumia unga wa risasi ya penseli. Risasi hiyo ni kinywe, madini yaleyale yaliyoleta mgodi Matambarale, na kinywe hulainisha kikiwa kikavu. Kwangua penseli juu ya kiungo, fungua na kufunga mara kadhaa, kisha futa kinachobaki. Mvua zikianza, rudi kwenye mafuta.

Kunoa usimwachie mtu. Lowesha jiwe, laza bapa, halafu inua mgongo kidogo tu. Sukuma upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kwenda makalini, usikie kijikunjo chembamba kimejitokeza urefu wote. Hapo ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, ndiyo maana kisu chao kinakata kwenye shina na ncha lakini katikati ni butu. Malizia kwa kitako cha bakuli la kauri, pale pasipopakwa rangi.

Kutembea nacho kunahitaji adabu. Sheria ya adhabu ya Tanzania inakataza mtu kwenda na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu, kwa hiyo kisu cha shamba kikae kwenye ala, ndani ya begi, ukielekea mnadani, mkutanoni au kwenye mpira. Ukisafiri kwa ndege kutoka Mtwara, kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa, vinginevyo utakiacha kwenye ukaguzi. Na unapompa mzee au mkubwa wako kisu, tanguliza mpini.

Wako pia wanaokusanya visu kwa mapenzi, nami niko upande wao. Kwa bei ya kisu kimoja cha Uswisi unaweza kupata kazi za wahunzi kadhaa wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kila mmoja na mkono wake: huyu hupinda mgongo, yule huacha alama za nyundo karibu na mpini. Andika karatasi ya kila kisu: kijiji, mwaka, chuma kilikotoka. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza na kufungwa mwaka 1962, ilishang'olewa. Fundi akikuambia fuawe lake ni kipande cha reli hiyo, andika hilo nalo, kwa maneno yake. Usihifadhi kisu ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hutunza unyevu na huzaa kutu. Kifunge kwa kitambaa kikavu chenye mafuta. Visu vya ngariba wa jando si vya kuulizia bei.

Ukifika kwa mhunzi, usipatane mpaka ukamfikisha chini ya bei ya mkaa wake. Agiza, lipa nusu, mwambie unataka springi, mpini wa ribiti, na bapa la urefu wa kiganja. Nusu ya pili mpe siku tupa itakapoteleza.