Ndugu Mkulima, Tuache Kunawa Katika Bakuli Moja

Leo hatuzungumzi habari za mbegu wala mbolea. Tunazungumza habari za mikono, maana inayoshika jembe ndiyo hiyo hiyo inayoshika tonge.

Wewe unayelima mpunga Kakese au Mwamkulu, kule Mpanda, unajua kuwa mvua ikikolea kazi haingoji mtu. Ukilala siku tatu kwa kuhara, magugu hayalali. Na mtoto mdogo akiharisha, maji ya mwili humwishia upesi. Asipowahiwa anaweza kufa.

Sasa tazama tunavyokula shambani. Bakuli moja la maji linazungushwa. Wa kwanza anachovya mikono, wa pili anachovya, mpaka wa mwisho. Je, huyo wa mwisho ananawa nini? Ananawa uchafu wa wenzake! Kama mmoja ametoka chooni au amemtawaza mtoto, vijidudu vimo humo majini, na sasa vinaingia kwenye ugali wa wote.

Dawa yake ni maji yanayotiririka, pamoja na sabuni. Mmoja amimine kwa kata, mwenzake anawe. Sabuni huyang'oa mafuta ya ngozi ambamo vijidudu hujishikiza, nayo maji huvichukua. Sugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha. Sabuni ikikosekana, tumia majivu ya jikoni.

Karibu na choo weka kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita tano, litoboe tundu dogo chini kidogo ya kifuniko kwa msumari wa moto. Litundike kwenye mti kwa mkono wake. Funga kamba shingoni, na chini ya kamba funga kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika; hulishiki kwa mkono mchafu. Sabuni itundike pembeni.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walisikia, wakatenda. Nawe basi, leo jioni kabla ya chakula, weka bakuli kando, shika kata.

Kazi njema, ndugu mkulima.