Kerezo Kuukuu si Chuma Chakavu

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hunijia kila nisikiapo kwamba karakana fulani ya huku Kericho au Bomet imeuza mashine zake za zamani kwa kilo ili zikayeyushwe, ati kwa sababu zimezeeka. Miongoni mwa mashine hizo imo moja isiyostahili kuuzwa hivyo. Mashine hiyo ni kerezo.

Mafundi wetu wa jua kali huliita lethi, na wanaeleweka. Hata hivyo, Kiswahili kina kitenzi kereza, yaani kuzungusha mti au chuma huku kisu kikikichonga kiwe mviringo. Afanyaye kazi hiyo ni mkereza, na mashine yake ni kerezo. Maseremala wa pwani wamekereza miguu ya viti na vitanda tangu zamani. Neno tunalo, tulichopoteza ni mazoea ya kulitumia darasani.

Kwa nini nalitetea? Kwa sababu kerezo ni mashine inayozaa mashine nyingine. Mwingereza Henry Maudslay alipoliboresha kerezo la kukatia parafujo, karibu na mwaka 1800, iliwezekana kutengeneza parafujo nyingi zinazolingana. Chai yetu pia inalitegemea. Mashine ya CTC, iliyobuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930, huponda, hurarua na kuviringa majani kwa rola za chuma zenye meno. Meno yakiwa butu, rola hupelekwa karakanani zikachongwe upya katika mashine za ukoo huo huo wa kerezo.

Mimi si mhandisi; nafundisha isimu. Lakini kwa kupenda kazi za mikono nilinunua kerezo kuukuu la Colchester, la kutoka Uingereza, kwa ajili ya karakana ndogo nyumbani kwangu. Aina yake huitwa Student, yaani mwanafunzi, jina lililonifurahisha. Naomba niwaeleze walimu na wanafunzi wenzangu yafaayo kutazamwa kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, msomaji asitishwe na kutu. Katika nchi ya mvua kama hii, chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu upesi, lakini kutu ya juujuu huondoka kwa mafuta ya taa na subira. Uchakavu ndio usiofutika. Tazama reli zinazobeba kigari cha kisu. Huliwa zaidi karibu na kichwa cha mashine, maana huko ndiko kazi nyingi hufanyika. Rekebisha kigari kisogee bila kulegea mahali hapo, kisha ukisukume hadi mwisho wa reli. Kikikwama huko, ujue reli zimeliwa upande mmoja.

Pili, shika fimbo nene katika kichwa, uiinue kwa nguvu na kuishusha. Ikichezacheza, huenda beringi zinahitaji kurekebishwa au kubadilishwa.

Tatu, ulizia gia zote za akiba. Makerezo mengi ya zamani ya Uingereza yalipimwa kwa inchi, nasi twapima kwa milimita. Gia yenye meno 127 huondoa tatizo hilo. Mwalimu wa hisabati atawaonyesha wanafunzi sababu yake: inchi moja ni milimita 25.4, nayo 25.4 mara 5 ni 127. Hesabu iliyoonekana kavu ubaoni hupata uhai ikishikwa mkononi.

Nne, soma kibao cha mota. Makerezo ya viwandani kwa kawaida hutumia umeme wa fezi tatu, na nyumba zetu nyingi zina fezi moja. Gharama ya kubadilisha mota au kununua kifaa cha kugeuza umeme ihesabiwe kuwa sehemu ya bei. Na siku ya kuanza kazi, vua tai, kunja mikono ya shati. Kerezo halitambui shahada ya mtu. Likinasa nguo, halisikii kilio.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Mwaka 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchumia chai huko Kericho, wakilalamika kwamba zimewanyang'anya kazi. Siwahukumu hapa. Naona tu kwamba kwa wengi wetu mashine ni kitu kinachoshuka kutoka ng'ambo, kufanya kilichoamuliwa na wengine. Kijana aliyekereza ekseli kwa mkono wake haitazami mashine hivyo. Anajua kwamba iliundwa na watu, na kwamba yeye pia aweza kuunda.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulisisitiza masomo ya ufundi. Baadaye, mzigo wa masomo ulipopunguzwa, mengi kati ya hayo yalitoweka katika shule zetu. Ikiwa leo tunasema tena kwamba mtoto apewe umilisi na si alama tu, basi umilisi huo hauji kwa vitabu vitupu.

Kwa hivyo natoa rai. Kampuni au karakana inayotaka kuliondoa kerezo lake ibishe kwanza mlango wa shule jirani au chuo cha ufundi, kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Nazo bodi za shule zimtafute fundi mstaafu, zimlipe, zimpe heshima ya mwalimu, ili ujuzi wake usizikwe pamoja naye. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye mikono huhitaji kuambiwa shika.