Urafiki na Penzi la Upande Mmoja

Swali hili lilizuka katika somo la semantiki, mwalimu alipotuomba tutofautishe upendo, mapenzi na urafiki. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kijana akishampenda rafiki yake wa kike, na yule asimpende, urafiki wao umekufa. Kilichobaki ni kungoja mazishi. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kisa hicho kilikuwa changu. Katika makala hii ninajaribu kueleza kwa nini mwenzetu yule alikuwa na sababu ya kusema hivyo, na wapi, kwa maoni yangu, alikosea.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo fani yetu. Kitenzi kupenda kina mtenda na mtendwa. Nikisema "ninampenda", sijasema lolote juu ya moyo wake yeye. Ili pande zote mbili ziingie, Kiswahili kinaongeza kiambishi -an-: "tunapendana". Neno rafiki halihitaji kiambishi hicho, maana kupokezana kumo ndani yake tayari. Nikisema "fulani ni rafiki yangu", naye akakana, msikilizaji ataona kuna mmoja wetu aliyekosea. Asili ya neno ni Kiarabu, ambako rafiq ni mwenzi, hasa mwenzi wa safari. Na mtu hafuatani safarini na asiyekwenda naye.

Lakini lugha yetu ina mtego pia. Kifaransa kinatenganisha "je t'aime" na "je t'aime bien", na ajabu ni kwamba neno linaloongezwa linapunguza maana. Sisi tuna "ninakupenda" moja tu, tunayomwambia mama, rafiki na mchumba. Anayesema anaweza kujificha ndani yake, na anayesikia anaweza kuichukua anavyotaka.

Aristotle alilieleza jambo hili katika kitabu cha 8 cha Maadili ya Nikomako. Kwake, kumtakia mtu mema hakutoshi kuitwa urafiki. Lazima kila mmoja amtakie mwenzake mema, na wote wawili walijue hilo. Ndiyo maana, anasema, mtu anayependa divai si rafiki wa divai. Tena anaona kwamba apendaye na apendwaye mara nyingi hawafurahii kitu kimoja: wa kwanza anafurahia kumwona mwenzake, wa pili anafurahia kuhudumiwa. Furaha zikiachana hivyo, uhusiano unalegea.

Nilipoisoma sehemu hiyo nilijiona mwenyewe. Tangu mwaka wa kwanza, hapa Bukavu, nilikuwa nikimfanyia mwenzangu fotokopi za silabusi, nikimsindikiza mpaka kwao mvua iliponyesha, nikimsahihishia kazi zake usiku. Wote walisema mimi ni rafiki mwema. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaweka arabuni kwa kitu ambacho hakuwahi kusema anakiuza. Yeye alidhani anapokea zawadi, kumbe deni lilikuwa likiandikwa kwa jina lake. Kwa kipimo cha Aristotle, urafiki wetu ulikuwa na kasoro kabla sijatamka neno la mapenzi.

Siku nilipotamka, alijibu: "Wewe ni kaka yangu." Kwetu jibu hilo ni kukataa kwa heshima. Anayekuita kaka amekuweka ndani ya ukoo, na kwa hiyo nje ya uchumba. Mimi, mwanafunzi wa lugha, nilijifanya sielewi, nilisikia "bado". Mwanasaikolojia Dorothy Tennov, katika kitabu chake cha 1979 juu ya mapenzi ya namna hii, alionyesha kwamba yanalishwa na tumaini lililochanganyika na mashaka. Jibu la upole lisilo wazi ni chakula chake. Niliishi kwa chakula hicho karibu mwaka mzima.

Tena sikufikiria kwamba yeye naye anaumia. Mwaka 1993 Roy Baumeister na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha masimulizi ya waliopenda bure na ya waliopendwa bila kutaka. Waliokataa walisimulia hatia, kero na kutojua la kufanya. Hadithi na nyimbo zinamfundisha apendaye asikate tamaa. Anayetaka kukataa bila kuumiza hapati mfano wa kufuata.

Wapo wanaosema dawa ni kunyamaza, kama Cyrano katika tamthilia ya Edmond Rostand ya 1897. Anampenda Roxane miaka mingi bila kumwambia, naye anautambua ukweli Cyrano akiwa karibu kufa. Ukumbini watu wanalia. Mimi ninajiuliza Roxane alipata nini katika kimya kile: hakupewa nafasi ya kukubali wala ya kukataa. Isitoshe, wahenga walishasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Basi urafiki unaweza kupona? Ninaona unaweza, kwa masharti. La kwanza, neno lisemwe mara moja, na jibu liwe wazi hata kama ni chungu. Mwenzangu aliponiambia hatimaye, "Hapana, na haitabadilika," nilichukia, lakini siku hiyo ndiyo nilianza kupona. La pili, pawe na umbali kwa muda. Sisi tulikaa miezi sita tukisalimiana tu. Hakuna anayeweza kuzika tumaini huku akiliamsha kila asubuhi. La tatu, anayerudi arudi bila daftari la madeni. Na apendwaye asiendelee kupokea huduma ambazo anajua zinatoka katika tumaini. Pasipo masharti haya, mwanafunzi yule alisema kweli, na kuachana kwa amani ni bora.

Mwaka huu familia ya mchumba wake ilikuja kujitambulisha. Baadaye aliniletea kadi ya mwaliko iliyoandikwa kwa Kifaransa, akaniomba niitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya shangazi zake walioko Uvira. Nilikaa na kadi ile usiku mzima. Nisiseme uongo: jina la yule kaka liliniuma kuliandika. Lakini nilitafuta maneno mazuri, kwa kuwa nilitaka shangazi zake waje, na nilitaka afurahi. Nilipomrudishia aliuliza, "Kaka, nikulipe ngapi?" Nilimjibu kwamba hakuna deni. Safari hii ilikuwa kweli.