Sahihi Kabla ya Bei

Katika mfumo wa kujiunga na vyuo vikuu vya Marekani kuna utaratibu unaoitwa uamuzi wa mapema, ambao kwa jina huonekana kuwa suala la kalenda tu, ilhali kwa hakika ni mkataba wa ahadi: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari huchagua chuo kimoja, hutuma maombi yake kufikia tarehe 1 au 15 Novemba, na hutamka kwa maandishi kwamba akikubaliwa atajiunga nacho na kuyaondoa maombi aliyopeleka kwingine. Jibu hutoka katikati ya Desemba, wakati wanaoomba kwa njia ya kawaida husubiri hadi mwishoni mwa Machi. Waraka wenyewe hutiwa sahihi na watu watatu, yaani mwanafunzi, mshauri wa shule anayesimamia maombi, na mzazi au mlezi. Sahihi ya huyu wa tatu ndiyo isiyozungumzwa sana, ingawa ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa mwanafunzi huahidi kwenda lakini mzazi huahidi kulipa, naye huahidi kabla hajaambiwa atalipa kiasi gani.

Utaratibu huu usichanganywe na ule wa hatua ya mapema, unaotumiwa na vyuo kama Harvard, Yale, Princeton na Stanford, ambako mwombaji huwekewa masharti kuhusu vyuo vingine anavyoweza kuviomba mapema, lakini akikubaliwa hubaki huru kupima na kulinganisha hadi tarehe 1 Mei. Katika uamuzi wa mapema uhuru huo haupo. Anayetaka mfano wa karibu aufikirie upande wa mume ulioapa mbele ya wazee kwamba ndoa itafungwa, na kwamba hakuna nyumba nyingine itakayopelekewa posa, ndipo ukaketi kungoja kutajiwa mahari.

Vyuo vina sababu zao za kuupenda utaratibu huu, na si za siri. Kila chuo hukubali waombaji wengi kuliko nafasi zilizopo, kikijua kwamba baadhi yao watakwenda kwingine, na sehemu ya waliokubaliwa ambao hatimaye hujiunga ndiyo maofisa wa udahili huiita mavuno. Mwombaji aliyejifunga huleta mavuno yasiyo na shaka, hivyo chuo huweza kupanga mabweni, walimu na bajeti mapema, na pia huweza kukubali watu wachache zaidi kwa jumla, jambo linalokifanya kionekane kigumu kuingia na kwa hiyo chenye hadhi. Haishangazi basi kwamba vyuo vingi binafsi vyenye ushindani mkubwa hujaza nusu ya darasa la mwaka wa kwanza, au zaidi, kwa njia hii. Wachumi Christopher Avery na Richard Zeckhauser, pamoja na Andrew Fairbanks aliyewahi kuwa ofisa wa udahili, walichambua maombi zaidi ya laki tano ya vyuo 14 na kuonyesha katika kitabu chao cha mwaka 2003 kwamba faida ya kuomba mapema ililingana na kuongezewa alama kama 100 katika mtihani wa SAT, ambao alama zake za juu ni 1600. Harvard, Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia vilitangaza mwaka 2006 kuyafuta maombi ya mapema ya kila aina kwa hoja kwamba yanawapendelea wenye nacho, lakini vyuo vingine havikufuata, na mwaka 2011 vyote vitatu vilikuwa vimeyarudisha, japo kwa sura isiyofunga; mwaka 2019 Virginia ikaongeza tena utaratibu unaofunga.

Ugumu wa bei unatokana na ukweli kwamba chuo cha Marekani kina bei mbili. Ya kwanza ni bei inayotangazwa, inayojumuisha ada, malazi, chakula na vitabu, na ambayo katika vyuo binafsi vingi maarufu imepita dola 90,000 kwa mwaka. Ya pili ni bei halisi, yaani kinachobaki baada ya ruzuku ya chuo na ya serikali, na hii hutofautiana kutoka familia moja hadi nyingine kwa sababu hukokotolewa kutokana na kipato na mali zilizotajwa katika fomu ya serikali ya shirikisho iitwayo FAFSA na, kwa vyuo binafsi vingi, fomu nyingine ndefu zaidi iitwayo CSS Profile. Sheria ya mwaka 2008 ilivilazimisha vyuo kuweka katika tovuti zao kikokotoo cha bei halisi, na tangu Oktoba 2011 mzazi anaweza kuingiza takwimu zake na kupata makadirio kabla ya kuomba. Kwa mwajiriwa mwenye mshahara mmoja na nyumba moja, makadirio hayo mara nyingi hayapotei sana. Kwa mwenye duka au teksi, kwa wazazi waliotengana ambao chuo hudai taarifa za wote wawili, na kwa familia yenye nyumba iliyopanda thamani bila kipato kupanda, kikokotoo huweza kukosea kwa maelfu ya dola. Zaidi ya hayo, fomu hizi husoma kipato cha mwaka wa pili kabla ya ule wa kuanza masomo, kwa hiyo mzazi aliyepunguzwa kazini baada ya hapo hupimwa kwa mshahara ambao hana tena.

Mkataba wenyewe haukusahau jambo hili. Una kifungu kinachosema kwamba mwombaji aliyeomba msaada wa fedha, akipewa kiasi kisichomwezesha kujiunga, anaweza kukataa nafasi na kufunguliwa kutoka katika ahadi, na kwa kawaida barua ya msaada huja pamoja na barua ya kukubaliwa au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo si sahihi kusema, kama wazazi wengi wanavyoamini, kwamba familia inaweza kuburutwa mahakamani kwa kushindwa kulipa. Ahadi hii hushikiliwa na heshima wala si na hakimu. Hata hivyo, heshima ina njia zake za kudai. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba Chuo Kikuu cha Tulane cha New Orleans kiliizuia shule moja ya Colorado kupeleka maombi ya aina hii kwa mwaka mzima baada ya mwanafunzi wake kurudi nyuma, na adhabu hiyo iliwaangukia wanafunzi ambao hawakuwa wameahidi chochote.

Swali gumu ni nani anayeamua kwamba msaada hautoshi. Chuo huwa na hesabu yake inayoonyesha kile ambacho familia inaweza kuchangia, na mzazi ana hesabu ya jikoni inayotia ndani bibi anayetumiwa fedha kila mwezi, deni la gari na ndugu wawili wanaofuata shuleni. Hesabu ya kwanza ina jedwali, ya pili ina aibu. Mzazi anayepiga simu katika ofisi ya misaada mwezi Desemba hana barua ya chuo kingine ya kuweka mezani, kwa kuwa vyuo vingine havijajibu, na kwa hiyo hawezi kuonyesha kwamba kwingine mwanawe angelipiwa zaidi, wala hawezi kujua. Ruzuku zinazotolewa kwa sifa za masomo bila kutazama kipato, ambazo vyuo vya kundi la Ivy League, kama Harvard na Yale, havitoi kabisa lakini vyuo vingi vizuri visivyo na jina kubwa hutoa kwa ukarimu, humpita pembeni aliyejifunga.

Hapa ndipo shinikizo la wazazi linapoingia, nalo lina nyuso mbili zinazopaswa kutenganishwa. Uso wa kwanza unajulikana: mzazi anayesukuma. Amesikia kwamba milango hufunguka zaidi mwezi Novemba, ameona watoto wa majirani wakijifunga, na anamhimiza kijana wa miaka 17 aahidi mahali ambapo pengine kijana mwenyewe hajapatamani, kwa hofu kwamba kutojifunga ni kuitupa nafasi. Hofu hiyo si ya kijinga, kwani takwimu za vyuo zinaipa msingi, ingawa sehemu ya tofauti inayoonekana hutokana na wanamichezo walioandaliwa nafasi na watoto wa wahitimu, ambao huomba kwa wingi mapema na wangekubaliwa wakati wowote.

Uso wa pili hauna kelele na madhara yake huwa makubwa zaidi. Ni mzazi anayenyamaza. Hataki kumvunja moyo mtoto aliyesoma kwa bidii miaka minne, au hataki mtoto ajue kiasi kilichomo benki, hivyo husema kwamba fedha zitapatikana, hutia sahihi, na kuweka matumaini yake katika barua ya msaada. Barua ikija pungufu, mtoto aliyekwisha kusherehekea na kutangaza kwa marafiki hugeuka kuwa shinikizo kwa mzazi bila kukusudia, na kifungu cha kufunguliwa, kilichoandikwa kuilinda familia, hakitumiki kwa sababu hakuna anayethubutu kukitaja sebuleni. Washauri wazuri wa shule huwataka wazazi wataje kiwango chao cha juu kwa namba, mbele ya mtoto, mwezi wa Septemba, na wengi wao hukiri kwamba kikao hicho ni kigumu kuliko insha zote za maombi.

Kwamba tatizo si kujifunga kwenyewe kunaonekana katika mpango wa QuestBridge, unaowaunganisha wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini na vyuo vyenye ushindani. Mwanafunzi huorodhesha vyuo, akilinganishwa na kimojawapo mwanzoni mwa Desemba huwa amefungwa nacho katika vyuo vingi vya mpango huo, lakini bei imekwisha kujulikana tangu mwanzo, kwani gharama zote za miaka minne hulipwa. Tajiri naye hana shaka kwa sababu ya kinyume. Wanaobaki katikati ndio wanaotakiwa kununua mbuzi kwenye gunia.

Familia za Afrika Mashariki zinazoomba kutoka nyumbani hukutana na tatizo hilo likiwa limekazwa zaidi. Vyuo vingi hutazama haja ya fedha wakati wa kumpima mwombaji wa kigeni, vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani, na ili kupata fomu ya I-20 inayotangulia viza ya mwanafunzi sharti familia ithibitishe kuwa na fedha za mwaka wa kwanza. Baadhi ya wazazi huamua kutoomba msaada ili kumrahisishia mtoto njia, bila kujua kwamba katika vyuo vingi mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba msaada alipoingia hawezi kuuomba baadaye, hadi ahitimu. Ahadi ni ya dola na mshahara ni wa shilingi: dola iliyobadilishwa kwa takriban shilingi 115 za Kenya mapema mwaka 2022 ilifikia karibu 160 Januari 2024, na hakuna kifungu cha mkataba kinachozungumzia hilo.

Ndani ya Marekani kwenyewe mabishano yamehamia kwenye sheria za ushindani wa kibiashara. Mwaka 2019, kwa msukumo wa Wizara ya Sheria, chama cha kitaifa cha washauri wa udahili kiliondoa katika kanuni zake katazo la kuwapa waliojifunga vivutio kama mabweni bora au ruzuku nono, na Agosti 2025 kesi ilifunguliwa dhidi ya zaidi ya vyuo 30 kwa madai kwamba utaratibu huu unaua ushindani na kupandisha bei. Wakati huohuo Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho ni cha umma, kiliuanzisha kwa mara ya kwanza mwaka huohuo.

Kalenda nayo ina ukatili wake. Familia iliyopata barua pungufu tarehe 15 Desemba na kuamua kufunguliwa huwa na kama wiki mbili tu kabla ya maombi ya kawaida kufungwa karibu na tarehe 1 Januari, nazo ni wiki za Krismasi, shule zikiwa zimefungwa na washauri wakiwa likizo. Wengi huona heri kukopa. Kwa miaka mingi mzazi aliweza kuchukua mkopo wa serikali ya shirikisho uitwao PLUS hadi kufikia gharama yote iliyobaki, lakini sheria ya mwaka 2025 imeuwekea kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto, kwa mikopo mipya kuanzia Julai 2026.