Je, Wajua? Tundu la Kompyuta Ndilo Linalochagua Kamera

Je, wajua kwamba tundu la HDMI lililo ubavuni mwa kompyuta mpakato za kawaida hutoa picha tu, halipokei? La kamera ya video nalo hutoa. Ukiziunganisha hizo mbili kwa waya, kila upande unatuma na hakuna unaopokea. Picha ikitakiwa ipite njia hiyo, lazima katikati kiwepo kifaa cha kunasia video, ambacho huchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Gharama yake ihesabu pamoja na bei ya kamera, usije ukaikumbuka ukiwa umeshafika nyumbani.

Je, wajua kwamba USB-C ni umbo la tundu, wala si kipimo cha kasi? Simu ya iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu hilo, lakini huhamisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ile ile ya USB 2.0 iliyotoka mwaka 2000. Ndugu yake, iPhone 15 Pro, ina tundu la umbo hilo hilo na hufika gigabiti 10. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo. Isome karatasi ya vipimo.

Na kasi si jambo la wataalamu peke yao. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa moja. Kwa USB 2.0, hata kwa kasi ya kwenye karatasi ambayo haifikiwi kamwe, kuihamisha kutachukua dakika 12 na nusu. Kwa uhalisia, karibu mara mbili ya hapo.

Je, wajua kwamba kamera nyingi za mikanda midogo ya MiniDV zilikuwa na tundu la USB, ila halikuwa la kuhamishia video iliyo kwenye mkanda? Aghalabu lilikuwa la picha mnato, au la kurusha video hafifu. Video yenyewe ilipita kwenye FireWire, ambayo Sony waliiita i.LINK na ambayo kwenye vitabu vya kiwango huitwa IEEE 1394. Ni njia moja yenye majina matatu, na mnunuzi asiyeyajua anaweza kuiacha kamera nzuri au kununua isiyomfaa. Sababu ilikuwa hesabu tu: data ya DV ilihitaji takriban megabiti 29 kwa sekunde, na USB ya kwanza iliishia megabiti 12.

Mkanda wa saa moja huchukua saa moja kuingia kwenye kompyuta, maana ni lazima uchezwe wote, nao huzaa faili la gigabaiti 13 hivi. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu kabati nyingi za Afrika Mashariki bado zina mikanda ya harusi, ubatizo na maulidi ya miaka hiyo, na mikanda haidumu milele. Anayetaka kuiokoa kwa kompyuta ya leo ana kazi. Apple waliiondoa FireWire kwenye MacBook ya alumini ya Oktoba 2008, wateja wakalalamika, ikarudi mwaka uliofuata, kisha ikatoweka tena taratibu. Mnyororo wa adapta upo: kutoka FireWire hadi Thunderbolt 2, kutoka hapo hadi Thunderbolt 3 yenye umbo la USB-C. Lakini macOS 26 ya mwaka 2025 imeacha kabisa kuitambua FireWire, kwa hiyo kompyuta ya zamani inayofanya kazi vizuri ina thamani kubwa kwa kazi hii kuliko mpya.

Zile nyaya za bei nafuu zenye kichwa cha FireWire upande mmoja na USB upande wa pili? Usinunue. Lugha za data ni mbili tofauti, na waya mtupu haufasiri.

Je, wajua kwamba kadi ya SD huikwepa nusu ya matatizo haya? Unaichomoa kwenye kamera na kuisoma moja kwa moja. Hakikisha tu kwamba kompyuta ina nafasi ya kadi: Apple waliiondoa kwenye MacBook Pro mwaka 2016 na kuirudisha mwaka 2021 katika zile za inchi 14 na 16. Kisoma kadi cha USB hugharimu kidogo, nami ningekinunua siku moja na kamera.

Kadi za hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufika gigabaiti 4. Hotuba ndefu hukatwa vipande. Kwenye kamera za AVCHD, nakili folda nzima kama ilivyo. Ukichomoa vipande kimoja kimoja, sauti inaweza kuruka penye maungio.

Je, wajua kwamba kamera iliyotoka Marekani inaweza kuonyesha taa za ukumbi wa Mwanza au Mombasa zikimemeta? Umeme wetu ni wa hezi 50, wa kwao 60. Tafuta kwenye menyu chaguo la PAL, au shata ya 1/50. Baadhi ya kamera hazina chaguo hilo, basi uliza mapema.

Ukitaka kamera ya mikutano ya mtandaoni, tafuta herufi UVC kwenye vipimo. Maana yake kompyuta itaitambua bila programu ya ziada.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 28 Desemba 2024 kamera mpya za kidijitali zinazochajiwa kwa waya na kuuzwa Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na USB-C? Kompyuta mpakato zilipewa hadi tarehe 28 Aprili 2026. Kamera zilizotumika kabla ya hapo nyingi ni za Mini-USB au Micro-USB, kwa hiyo muuzaji akupe waya wake, na uujaribu palepale dukani: zipo nyaya zinazochaji tu, hazina nyuzi za data ndani.