Eleroni ya nyuma ya gari: tuitie ao tuitoshe?

Tembea kidogo katika muji wenu, iwe Likasi, iwe Kolwezi ao Kipushi, na uangalie mugongo wa magari yanayopita. Mengi yako na ubawa mudogo juu ya kofre, ao pa mwisho wa paa, juu ya kioo cha nyuma. Wafundi wetu wanauita eleroni. Gari zingine zilizaliwa nayo kule Japani, zikashuka katika bandari ya Dar es Salaam, zikapita Zambia na kuingia Kasumbalesa nayo juu. Zingine zilitiwa nayo hapahapa, katika garaji ya chini ya muembe, maana kijana aliyepata mushahara wake wa kwanza katika mine alitaka gari yake ifanane na zile za mashindano.

Hatumucheki kijana yule. Mutu akisha kutumika usiku kucha chini ya udongo, ni vizuri apate kitu cha kumufurahisha muchana. Lakini franga za eleroni zinatoka katika mufuko uleule wenye kulipa masomo ya watoto, na kofre inayoibeba njo ile mama anafungua kila juma akirudi soko. Kwa hiyo ni jambo la jamaa nzima, haiko la baba na fundi peke yao.

Upepo unafanya nini?

Gari inapokwenda mbio, upepo unagawanyika: mwingine unapita chini, mwingine unapanda juu ya kapo na paa, kisha unashuka nyuma. Ule wa juu unakimbia zaidi, na pahali upepo unapokimbia zaidi, kusukuma kwake kunapunguka. Njo maana gari yenye mwendo mukali inavutwa kidogo juu, sawa vile ubawa wa ndege. Pine za nyuma zinakuwa nyepesi, hazishike barabara vizuri, na katika kona, ao ukikanyaga freni gafula, nyuma inaweza kuteleza.

Eleroni inapinga jambo hilo. Ile fupi yenye kulala juu ya kofre inavunja njia ya upepo kusudi usivute gari juu sana. Ile yenye kusimama kwa miguu miwili ni ubawa wa ndege uliogeuzwa: inasukuma gari chini.

Sasa usikie vizuri, maana hapa njo watu wanadanganywa. Nguvu ya upepo haiongezeke sawasawa na mwendo. Ukienda mbio mara 2, nguvu inakuwa mara 4. Ukienda mbio mara 3, inakuwa mara 9. Tuseme eleroni fulani inasukuma gari chini kwa uzito wa kilo 36 wakati gari inakwenda kilometre 180 kwa saa. Katika mwendo wa 60, eleroni ileile itasukuma kilo 4 tu. Katika 30, ule mwendo wetu wa kuepuka mashimo, ni kilo 1, ni kusema pakiti moja ya sukari iliyowekwa juu ya kofre. Muuzishaji akikuambia kwamba gari yako itashika barabara muzuri katika muji kwa sababu ya eleroni, mwambie anywe maji kwanza.

Lakini kwa wale wenye kwenda mbio kweli, haiko muchezo. Mwaka 1956, kijana mumoja injenieri wa Uswisi, Michael May, alitia ubawa mukubwa juu ya gari lake la Porsche kwa mashindano ya Nürburgring kule Ujerumani. Wakubwa wa mashindano walimukataza kukimbia nao. Miaka 10 nyuma yake, mwaka 1966, Mumarekani Jim Hall alileta gari yake Chaparral 2E na ubawa uliosimama juu sana nyuma, na mwaka 1968 magari ya Formula 1 nayo yakaanza kuzivaa. Kila mutu alitaka ya kwake iwe juu zaidi na nyepesi zaidi. Matokeo yalionekana tarehe 4 Mei 1969 katika Barcelona: mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mbio moja. Graham Hill akagonga chuma cha kando ya barabara, kisha mwenzake Jochen Rindt akagonga karibu na pahali palepale, akavunjika taya. Mwezi uleule, katika Monaco, mabawa ya namna ile ya kusimama juu sana yakakatazwa.

Kuko pia habari ya upande mwingine. Mwaka 1998 kampuni ya Audi ilianza kuuzisha gari moja muzuri, Audi TT, yenye mugongo wa muviringo kama kobe, pasipo eleroni hata kidogo. Katika barabara kubwa za Ujerumani, pahali watu wanapita 180, nyuma ya gari ile ilikuwa inakuwa nyepesi, na kukatokea aksida, zingine za kuua watu. Mwisho wa mwaka 1999 kampuni iliita magari yarudi: wakayatia eleroni ndogo juu ya kofre, wakabadilisha vitu vingine chini yake, na wakaongeza mashini ya umeme yenye kusaidia gari isiteleze. Eleroni ile haikuwa pambo.

Barabara yetu ya Lubumbashi kwenda Likasi ni karibu kilometre 120, pamoja na malori yenye kubeba minerai, vumbi, mbuzi, na wanafunzi wenye kutembea kando. Mutu anayetafuta mwendo wa 180 pale, eleroni haitamusaidia. Basi kwetu tuseme kweli: ni pambo. Pambo si kosa, lakini litiwe vizuri.

Uzito wa kofre

Kitu cha kwanza ni uzito, na watu hawafikirie hilo. Kofre inasimama wazi kwa nguvu ya amortisere mbili ndogo za gaz ao ya vyuma vya kujipinda kama resori. Kiwanda kilivipima kwa uzito wa kofre ile, bila zaidi. Katika jamaa moja tunayoijua, fundi alitengeneza eleroni ya chuma kwa kusudeya, nzito kama jembe mbili. Siku tatu za kwanza kofre ilisimama. Siku ya nne mama alikuwa anatosha mufuko wa unga, kofre ikashuka yenyewe juu ya mukono wake, na vidole viwili vikavunjika. Yule mama ni mushonaji. Alikaa zaidi ya mwezi mumoja pasipo kugusa mashini yake, na jamaa ile ilikuwa inakula kwa mashini ile.

Kwa hiyo ukatae eleroni ya chuma cha kusudeya. Tena iko na kona kali: mutoto akipita mbio nyuma ya gari, kona iko sawa na uso wake. Chukua ya plastiki ao ya fibre, nyepesi. Na kabla ya kuifunga, iweke juu ya kofre, uifunge kwa kamba tu, kisha ufungue kofre mara kumi. Ikishuka hata mara moja, ao ikikawia pa katikati, ubadilishe amortisere kwanza. Kaa pia pa kiti cha dereva na uangalie katika kioo: ukiona ubawa pahali pa kuona pikipiki inayokuja, eleroni ile haifae kwa gari yako.

Kwa skochi ao kwa bulo?

Eleroni fupi na nyepesi inaweza kushikwa na skochi ya pande mbili, ile ya magari, nene kidogo kama sifongo. Hapa kazi kubwa ni usafi. Vumbi letu nyekundu linaingia kila pahali, na skochi ikishika vumbi, haijashika gari. Osha kofre kwa maji na sabuni, kausha, kisha pangusa kwa kitambaa chenye alkoli na uache ikauke. Usipanguse kwa esanse, inaacha mafuta. Pima katikati ya kofre kwa metre, utie alama kwa skochi ya karatasi upande wa kushoto na wa kuume, maana ubawa ukipinda santimetre moja, muji wote utaona.

Angalia pia saa. Asubuhi ya mwezi wa 6 na wa 7 kwetu kuko baridi, na gundi haishike chuma baridi. Saa sita ya muchana ya mwezi wa 10, kofre nyeusi inaunguza mukono. Chagua saa nne, chini ya kivuli. Ukisha kuweka, finya kwa nguvu kila pahali, dakika mingi kuliko unavyofikiri, na usioshe gari siku tatu. Kwa ubawa mukubwa wenye kusimama kwa miguu, skochi peke yake haitoshe. Ule unataka bulo.

Na bulo zinataka matundu. Hapa, baba, usiharakishe. Fungua kofre, ondosha kitambaa cha ndani, uangalie kama hakuna nyaya za taa ao chuma kinene pahali utakapotoboa. Tengeneza mufano wa karatasi wenye alama za miguu ya eleroni, ulaze juu ya kofre, pima mara mbili. Piga alama kwa musumari ili meshi isikimbie, anza na meshi ndogo ya milimetre 3, kisha kubwa. Weka skochi nene juu ya meshi kusudi isizame sana na kugusa kitu cha chini. Fundi akisema anaweza kukadiria kwa macho, umushukuru na umutafute mwingine.

Tundu likisha kutobolewa, chuma kiko uchi. Njo pale kutu inaanzia. Lainisha kando kwa lima, fagia maunga yote ya chuma (yakibaki juu ya rangi, yatafanya madoa nyekundu), pakaa rangi ya kuzuia kutu, ngojea ikauke. Tia kaucho ao silikoni chini ya kila muguu, kisha rondeli kubwa upande wa ndani, na ufunge bulo pole. Ukikaza sana, plastiki inapasuka na bati inabonyea. Mwisho mumoja akae ndani akiwa na taa, mwingine amwage maji juu muda wa dakika tano. Afazali uone tone la maji siku hiyo kuliko mwezi wa 1, wakati mvua inanyesha kila siku na gurudumu la akiba linaogelea.

Kama eleroni iko na taa ya stop ndani, waya wake upite katika kaucho, usiguse bati kali. Upimwe na mutu aliyesimama nyuma wakati wewe unakanyaga freni.

Kuitosha

Kuko siku ya kuitosha: imevunjika, inatikisika, ao umechoka nayo. Ile yenye kutikisika usiiache hata siku moja, maana ikianguka katika barabara, mutu wa pikipiki aliye nyuma yako njo ataipokea.

Ya bulo: anzia ndani, legeza zote, mutu wa pili akishika ubawa. Usivute kwa nguvu, mara nyingi kuko waya wa taa, na skochi pia chini ya kati. Ya skochi: omba mashini ya kukausha nywele, ile ya saluni, upashe moto polepole ukiitembeza, isikae pahali pamoja. Kisha pitisha kamba ya kuvulia samaki chini ya ubawa, wawili mukishika kila upande, na mukate kama vile munakata sabuni kwa uzi. Usitumie kisu. Gundi inayobaki uisugue kwa kidole, kisha kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto, na uoshe kwa sabuni.

Ikiwa taa ya stop ya juu ilikuwa katika eleroni, ununue ingine ndogo ya kutia ndani ya kioo. Dereva wa lori aliye juu anaona ile mbele ya zile za chini.

Matundu yanayobaki, watu wanayajaza kwa mastiki na kupakaa rangi. Inapendeza miezi michache, kisha inapasuka na maji yanapita. Ukiwa na feza, tolie ayafunge kwa kusudeya polepole, bati isijipinde, kisha apige rangi pande zote mbili. Ukikosa, tia vifuniko vya kaucho vyenye kukaza vizuri. Haviko vizuri kwa macho, lakini maji hayaingie.

Na usishangae, pahali ubawa ulipokuwa utaona kivuli chake: rangi ya chini yake ingali mupya, ya kando imechomwa na jua. Polishi inapunguza kidogo, lakini juu ya gari nyekundu ya zamani kivuli kile kinabaki. Mwenye kununua gari akikiona, ainue zulia la kofre na kutia kidole katika kona za chini, kuangalia kama kuna majimaji.